Jumamosi ya Kiingereza

Sheria aliitunga baba watoto, na aliitunga kwa mapenzi. Dada yake, wifi yangu, alikuwa ameitwa kazini kwenye hoteli moja ya ufukweni Unguja, upande wa usafi wa vyumba, kwa sharti kwamba aweze kuelewana na wageni kwa Kiingereza. Kitinda mimba wetu naye ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza, na kwa mtaala wa sasa Kiingereza kinaanzia hapo, si darasa la tatu kama walivyoanza kaka zake. Baba watoto akaona neema: wanafunzi wawili wa Kiingereza cha mwanzo, paa moja. Akatangaza kwamba kila Jumamosi, kuanzia chai ya asubuhi hadi magharibi, Kiswahili kibaki nje ya mlango. Atakayeteleza, shilingi 200. Mtoto asiye na hela atakatwa muda wa katuni.

Maandalizi yalikuwa ya wifi. Alikatakata maboksi, akaandika kwa wino mzito na kubandika kila kitu kilichokaa kimya akakifikia: door, mirror, bucket, stool, floor, rice. Gundi alipika mwenyewe, uji mzito wa unga wa ngano, kama tulivyofanya shuleni. Nyumba za kwetu Mbagala zina mende, na mende hawakulaza damu. Kila usiku walikula gundi, wakaendelea na karatasi yenyewe. Kabati la vyombo lililoandikwa "cupboard" likaamka limebaki "cup", na mtoto akalisoma hivyo hivyo, kwa sauti ya kujiamini, akilielekezea kidole kabati zima. Ikabidi tununue solatepu.

Jambo lililompa wifi taabu zaidi ni vitu vya kitandani. Sheet, blanket, pillow, towel: alivikariri vyote jioni moja kwa kuwa ndivyo atakavyovishika kazini. Kesho yake ukimwomba blanketi anakuletea taulo, anasita, analirudisha, anachukua mto. Alilia. Nilimwambia, na narudia hapa, kwamba hakuwa na kichwa kizito. Katika miaka ya 1990 Thomas Tinkham alifanya majaribio yaliyoonyesha kwamba maneno mapya ya kundi moja, ukiyafundisha kwa pamoja, yanachanganyana kichwani na kuchukua muda mrefu zaidi kukaa kuliko maneno yasiyohusiana. Hata hivyo vitabu vingi vya wanaoanza bado vinapanga matunda yote ukurasa mmoja na rangi zote ukurasa unaofuata.

Jumamosi ikafika. Nilitarajia Kiingereza kiongezeke. Badala yake maneno yalipungua. Tulikunywa chai kwa ishara. Watoto, ambao kwa kawaida hata muhogo wa kuchemsha wanaugombania kwa hoja tatu, walikula wakitazama meza. Mama mkwe alijifunga khanga yake akahamia barazani kwa jirani, ambako mtu anaweza kuulizia hali bila kutozwa. Mimi nilikumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, anasimulia jinsi watoto wa shule Kenya ya enzi za ukoloni walivyoadhibiwa kwa kukutwa wakisema Kigikuyu. Faini yetu ilikuwa ndogo na iliwekwa na baba anayependa wanawe, lakini ilifanya kazi ile ile: ilimfundisha mtoto kwamba kunyamaza ndiyo salama.

Kwetu maji ya bomba hayaji kila siku. Kwa hiyo bomba la jikoni tunaliacha wazi juu ya pipa, ili yakija yajikinge yenyewe, na aliye karibu ayasikie. Siku hiyo yalikuja mchana, kwa nguvu. Mimi nilikuwa uani nafua, wifi yuko dukani, baba watoto sebuleni amejifunika gazeti. Aliyeona pipa likifurika ni kitinda mimba.

Akaenda mbio kwa baba yake. "Daddy, water."

"Water!" baba akafurahi, akashusha gazeti. "Very good."

Mtoto akasimama. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kumwagika, na neno hilo hakuna karatasi yoyote iliyokuwa nalo. Akasema, "Floor."

"Floor! Excellent, my son."

Akarudi jikoni kutazama, akaja tena, safari hii machozi yanamlenga. "Rice, Daddy. Rice!"

Baba yake akampigia makofi.

Gunia la mchele lilikuwa limekaa chini. Maji yalikuwa yameshalifikia, yameshapita chini ya mlango, yameingia chumbani na kuloanisha begi la wifi na boksi la kadi zake za maneno. Mama mkwe ndiye aliyeyaona yakitokea kizingitini. Aliingia na khanga kaikunjia magotini, akapaza Kiswahili ambacho Mbagala nzima ilikisikia: "Nyumba inazama na nyie mmekaa!" Hakuna aliyemdai 200.

Mtoto hakukosa hata neno moja. Alisema maneno matatu sahihi, kwa mpangilio wa matukio, na hayakumsaidia, kwa sababu kila tulichobandika kilikuwa jina la kitu. Vitu vinabandikika, vitendo havina pa kushika solatepu. C. K. Ogden, alipochapisha Basic English mwaka 1930, aliteua maneno 850 tu ya kumtosha mgeni wa lugha, na vitenzi kati yake vilikuwa 18, kama give, take, put, come na go. Ni vichache, lakini ndivyo alivyovitegemea kuyasukuma yale mengine yote. Sisi tulikuwa na nyumba nzima ya majina na hatukuwa na hata kitenzi kimoja.

Tulianika mchele kwenye mikeka siku mbili. Faini baba watoto aliifuta mwenyewe, bila kuambiwa. Wifi alianza kadi upya, safari hii sentensi fupi yenye kitendo ndani yake, upande wa pili Kiswahili: Turn off the tap. Bring a towel. The floor is wet. Anaisema huku anafanya. Kadi anayoipata inasogea kwenye kopo la pili, la kurudiwa baada ya siku kadhaa. Anayoikosa inabaki kopo la kila siku. Mpango huo aliueneza Sebastian Leitner, Mjerumani, miaka ya 1970, na kwetu ulitaka makopo ya maziwa tu. Blanketi na taulo hazikai tena siku moja.

Sasa yuko kazini Unguja. Usiku anatutumia ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, akiuliza anachohitaji kesho yake asubuhi. Juzi aliuliza amwambieje mgeni kwamba sinki limeziba na fundi yuko njiani. Mtoto ndiye aliyeshika simu kumjibu, baba yake akimsaidia pembeni: The sink is blocked. The plumber is coming. Kisha akamuuliza shangazi yake kama huko hotelini maji yanatoka kila siku.