Nani kaikwamisha picha yako? Washukiwa sita, tukianza na asiye na kosa

Umepiga picha ya sangara pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, umeituma Dar, na kaduara kanazunguka tu. Kabla hujautukana mtandao mzima, tuwapange washukiwa mstari.

6. Mwendo wa mwanga. Huyu aachiwe huru sasa hivi. Ndani ya uzi wa kioo unaobeba data, mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwanza mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,100, ni kama milisekunde sita. Basi la alfajiri halijawasha hata taa.

5. Satelaiti. Shusha mkono, ndugu yangu, huko juu hakuna wa kukusaidia. Pakiti zako, yaani vipande vya picha, zikishafika mnarani, sehemu kubwa ya safari iliyobaki kwa kawaida ni ya nyaya. Sehemu ya Mkongo wa Taifa, yaani nyaya hizo za nyuzi za kioo, imepita ndani ya ule waya wa juu kabisa wa nguzo kubwa za TANESCO, unaokinga radi. Umeme ukikatika tunawalaumu; meseji ikifika, nani kawahi kuwashukuru?

4. Mawe. Mwanza kuchimba mtaro wa nyaya ni adhabu, kweli. Lakini jiwe huchelewesha kazi tu, halikati kitu.

3. Bahari. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mtu wa Mwanza, mwenye ziwa lake mlangoni, akaadhibiwa na maji ya chumvi! Bahati nzuri si kila wiki.

2. Kijiko. Barabara inapanuliwa, dereva anavuta udongo, na nyuzi zenye unene wa maikroni 125, kama unywele, zinatoka nao. Sekunde moja tu. Sasa fundi achutame mtaroni: amenye uzi, aufute kwa spiriti, aukate ncha sawasawa, auingize kwenye mashine inayouchomelea kwa cheche ya umeme. Bluu kwa bluu, chungwa kwa chungwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka usiku. Kijiko hicho kimeshahamia mtaa wa pili.

1. Wewe. Na jirani zako. Uzi mmoja wa kioo hupitisha rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, kila rangi na mzigo wake, kwa hiyo haujai kirahisi. Kinachojaa ni mnara. Pamba Jiji wakifunga goli uwanja wa CCM Kirumba, simu zote juu, kila mtu anataka awe wa kwanza kurusha. Picha ya megabaiti 3 ni pakiti kama elfu mbili, kila moja na anwani yake. Foleni ikizidi, mitambo inazimwaga za ziada bila hata samahani, na simu yako inazituma upya, nyuma ya video ya jirani. Mchungulie basi: anatuma goli lile lile, kwenye grupu lile lile.