Kitasa cha Bafuni

Nilipofikisha miaka 41 nilitamani jambo moja: kupiga ukelele kama Rob Halford. Mwimbaji huyo wa Judas Priest, kundi la metali la Birmingham, alikuwa anakaribia miaka 40 alipoiimba albamu ya Painkiller mwaka 1990, na sauti yake mle inakata kama msumeno kwenye bati. Nikapiga hesabu: kama yeye aliweza na umri ule, mimi nashindwaje? Nilichosahau ni kwamba mwenzangu alikuwa na kundi lake tangu 1973. Mimi nilikuwa na bafu.

Bafu letu lina vigae mpaka darini, na vigae vina tabia ya kumsifu kila mtu. Ubaya ni kwamba nilikuwa nimesoma kisa cha Bruce Dickinson. Iron Maiden walipokuwa wakirekodi The Number of the Beast, albamu iliyotoka 1982, mtayarishaji Martin Birch alimrudisha kwenye mistari ya mwanzo kwa saa nyingi, mpaka akapandwa na hasira. Ule ukelele maarufu, yasemekana, ni hasira hizo. Basi nikajua dawa ni kukasirika.

Jumamosi moja Mama Zawadi alikuwa saluni, mtoto yuko sebuleni na dada. Nikaingia bafuni, nikajipaka sabuni, nikamfikiria mwenye nyumba na kodi yake ya miezi sita. Mishipa ya shingo ikasimama. Nikajikaza kisabuni, kwa maana zote mbili, nikaachia.

Kumbe dada ana hofu ya siku nyingi na ile hita ya maji ya kuogea. Aliposikia, hakuuliza. Alizima umeme wa nyumba nzima, akamwita mlinzi. Mlinzi alipiga mlango teke moja tu, kitasa kikaruka mpaka kwenye ndoo.

"Bosi, umepigwa shoti?"

Nilitaka kusema hapana. Haikutoka sauti, ilitoka pumzi yenye mchanga. Nikatikisa kichwa, wao gizani wakaona nimekubali. Nikavingirishwa kanga ya dada, nikalazwa kwenye kochi. Mama Junior wa mlango wa pili akaja na maziwa, maana kwake maziwa ni dawa ya kila kitu, kuanzia sumu mpaka umeme. Nikanywa. Ungefanyaje?

Daktari wa koo alisema nyuzi za sauti zimevimba: nikae kimya siku tano, hata kunong'ona nisinong'one, kwani nako kunachosha koo. Mama Zawadi alifurahi waziwazi. Ndani ya siku hizo tano aliamua rangi ya mapazia, akapanga mama yake aje kukaa mwezi mzima, na mambo yote yalipita bila kupingwa.

Usiku wa tatu Zawadi, mwenye miezi minne, alilia kuanzia saa saba mpaka saa tisa. Nilimbeba, na kwa kuwa sikuweza kumbembeleza kwa mdomo, nikabaki kumtazama. Kilio cha mtoto mchanga hucheza karibu na mitetemo 440 kwa sekunde, sauti ileile ambayo wapiga ala hulinganishia vyombo vyao. Saa mbili nzima, na hakukwaruza hata kidogo! Nikamgusa shingo: laini kama unga uliokandwa. Kazi yote ilikuwa tumboni na mbavuni. Mdomo wazi, taya limelegea, uso hauna uadui na mtu yeyote.

Ndipo nilipomwelewa mwalimu wa uimbaji niliyekuwa nimempuuza, aliyeniambia nianze na mrija. Unautia kwenye glasi ya maji, unavuma kupitia humo ukipandisha sauti taratibu huku maji yanatoa mapovu. Msukumo wa hewa unaorudi nyuma huzisaidia nyuzi kukutana bila kugongana kwa nguvu. Ni zoezi la kuchekesha, halina ushujaa wowote, na sisi wanaume tuliokwishazeeka kidogo tunapenda ushujaa. Miezi mitatu baadaye napanda, sauti nyembamba lakini safi, na unene naiachia maikrofoni.

Mlango wa bafuni hauna kitasa mpaka leo. Mama Zawadi amesema fundi ataitwa siku nitakayoacha.