Njia za Mkato za Kumshinda Fangasi wa Miguu

Sogea nikunong'oneze. Najua unavyovificha vidole chini ya kanga kwenye harusi za Ukunda, na unavyochelewa makusudi mlangoni mwa msikiti hadi wenzako wamalize kuvua viatu. Huna haja ya kujieleza. Tufanye hila.

1. Mnyime maji. Hii ndiyo dawa ya asili kubwa kuliko zote, na haiuzwi. Fangasi hula keratini ya ngozi, lakini pakavu hastawi. Ndiyo maana hupenda kuanzia kati ya kidole cha mwisho na jirani yake, pasipopita hewa. Ukishatawadha au kuoga, pangusa kila upenyo kwa kitambaa chako mwenyewe. Ukiwa na haraka, ruka mengine yote, hili usiliruke.

2. Jozi mbili za viatu, zamu kwa zamu. Wewe unayeshinda na viatu vya kufunika hotelini Diani, vaa jozi moja leo, nyingine ianikwe. Soksi ziwe za pamba, na zibadilishwe kila siku. Ukifika nyumbani, vaa ndara.

3. Kuwa mchoyo wa ndara. Sakafu yenye maji na ndara za kuazimana humhamisha fangasi kutoka mguu hadi mguu. Watakusema. Waache waseme.

4. Mwarobaini upo uani, utumie kwa akili. Chemsha majani, maji yapoe, osha miguu, kisha kausha. Maabara imeonyesha kuwa mwarobaini huzuia fangasi, ila ushahidi kwenye miguu ya watu bado ni mdogo, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Mafuta ya nazi yapeleke kwenye kisigino kilichopasuka. Kati ya vidole vyenye majimaji usiyapake, yatafungia unyevu ndani.

5. Kitunguu saumu kiache jikoni. Mwaka 1996 watafiti wa Venezuela waliwatibu wagonjwa kwa krimu ya ajoini, kiini kinachotokana na kitunguu saumu, na wengi walipona kwa wiki moja. Hiyo ilikuwa krimu iliyopimwa. Punje mbichi ikifungwa mguuni usiku kucha huunguza ngozi.

6. Harusi ni kesho? Hina ya majani itakusitiri kucha. Ipake penye ngozi nzima tu. Piko nyeusi iepuke, mara nyingi ina kemikali kali ya rangi ya nywele.

7. Njia fupi kuliko zote ipo duka la dawa. Krimu ya terbinafini mara nyingi humaliza kazi kati ya vidole kwa wiki moja. Klotrimazoli huchukua hadi wiki nne. Muwasho ukikoma usiache, maana fangasi bado yupo: maliza siku ulizoandikiwa. Krimu za steroidi zikatae, hutuliza muwasho huku zikimwacha aenee.

Na hapa hakuna mkato: ukiwa na kisukari, au mguu ukivimba, ukiwa mwekundu au ukitoa usaha, usichemshe jani lolote. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au kituo cha afya kilicho karibu, leo hii. Ufa mdogo kati ya vidole ni mlango wa bakteria, na mguu wa mwenye kisukari hauna subira.