Kunguru na Simu ya Adimini

Mbagala, masika. Mvua imekatika sasa hivi. Simu imewekwa dirishani kwenye chaji. Kunguru katua kwenye nondo.

SIMU: Usinidonoe bwana, nina kazi. Mtaro umeziba, grupu la mtaa linawaka tangu alfajiri. Meseji 214!

KUNGURU: Mabeleshi mangapi?

SIMU: Yaani?

KUNGURU: Nauliza waliotoka na beleshi.

SIMU: Wametuma picha. Mmoja kaupiga mtaro kutokea juu, umetoka vizuri kweli.

KUNGURU: Mie natoka humo. Kuna ndala, pampasi tatu na gunia la maganda ya mihogo. Pampasi nazijua za nyumba gani, maana nilizifungua mwenyewe. Mwenye nyumba hiyo ndiye aliyeandika "serikali iko wapi?"

SIMU: Lakini umoja upo. Enzi za TANU balozi alishika nyumba 10 tu. Mie tangu 2022 grupu moja linabeba watu 1,024.

KUNGURU: Balozi alikuwa mbea, alijua mpaka ulichopika. Simsifii. Ila akibisha hodi, mlango ulifunguliwa. Wewe wamekuzima sauti.

SIMU: Msiba wa juzi pole zilifika 90!

KUNGURU: Nilikuwa juu ya turubai. Yule wa geti jeusi kaandika "tuko pamoja", na viganja vya dua juu yake. Kamba ya turubai imefungwa kwenye nguzo ya geti lake! Alichungulia, akaona jeneza, akarudi ndani kuandika tena. Waliobeba ni muuza kahawa na vijana wa bodaboda, wasio na bando.

SIMU: Watu wana shughuli.

KUNGURU: Shughuli gani, kugombana saa sita usiku nani kafungulia muziki, na ukuta ni mmoja? Si ungegonga ukuta! Babu zangu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 waondoe uchafu wa mji. Tunafukuzwa, tunawekewa sumu, na bado tunaokota. Nyie watu wazima mna mikono miwili miwili. Mie nina mdomo tu, na ndala nimeitoa!

SIMU: Ngoja, imeingia ya 215. "Kunguru wanatapanya taka mtaroni. Adimini achukue hatua."

KUNGURU: Wangapi wameunga mkono?

SIMU: Wote. Isipokuwa mmoja, anauza viwanja Kigamboni.