Ndovu Anayenuka Kafuri

Mkusanyaji wa nyembe za kukunja hana makuu, ila usimguse kwenye mpini. Wembe wake ni wa Sheffield, na mpini, atakuapia, ni pembe ya ndovu halisi.

Usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto. Ukinuka kafuri, ndovu huyo kazaliwa kiwandani: ni seluloidi, ambayo John Wesley Hyatt aliipatia hataza Marekani mwaka 1870. Ile mistari yake iliyonyooka sambamba, mizuri kupita kiasi, nayo inamuumbua.

Bwana hasadiki. Achomeke sindano ya moto, basi! Seluloidi hushika moto upesi, na nyusi hazina vipuri.

Kichekesho kikubwa kimo kabatini. Kwa mapenzi yake, kaufungia wembe pamoja na wenzake ndani ya kasha lisilopitisha hewa. Seluloidi ikichakaa hutoa mvuke wa tindikali, ambao ukinaswa humo hutafuna chuma kwa kutu, kisha huwaendea na majirani.

Mwenye wembe wa mpini wa aina hiyo autenge na wenzake mahali penye hewa, aukaushe vizuri na aupake ubapa mafuta laini ya mashine. Hadithi ya ndovu awaachie wageni.