Jinsi ya Kunyang'anywa Ushindi kwa Sababu ya Petroli

Hongera kwa kununua MG Midget kuukuu na kujiunga na SCCA, chama cha Wamarekani wanaokimbiza magari wikiendi, kilichoanzishwa 1944. Daraja lako ni Production, la magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kwenda kazini na sokoni. Si daraja la kudharau: Paul Newman, yule mwigizaji, alitwaa ubingwa wa D Production mwaka 1976 kwa Triumph TR6. Fuata maelekezo haya na hutamfikia kamwe.

Kitabu cha kanuni usikifungue. Msingi wake ni kwamba kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Wewe ugeuze: kisichokatazwa ni ruksa. Kisha mfuate mkaguzi dakika chache kabla ya mbio mjadiliane. Saa hiyo ndiyo huwa na nafasi.

Tangi la kiwandani liache palepale. Kwenye Midget limefungwa chini ya buti, nyuma ya ekseli, yaani mahali ambapo anayekufuata atagonga kwanza. Kanuni inadai tangi la usalama, ambalo ni mfuko wa mpira mgumu uliojazwa sponji na kufungiwa ndani ya sanduku la chuma. Msamaha ni kwa tangi la asili lililokaa kati ya ekseli mbili, ndani ya fremu. Wakikubana, nunua la mtumba. Tarehe iliyogongwa kwenye mfuko ni urembo tu: FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huupa mfuko wa kiwango cha FT3 miaka 5, na miwili ya nyongeza mtengenezaji akiukagua upya. Sponji likizeeka hulainika na kumeguka kama makombo ya mkate uliolowa. Yatafute kwenye chujio, na yaliyoponyoka utayakuta kwenye jeti za kabureta. Gari litakohoa kila kona nawe utamlaumu fundi. Atabadilisha jeti, atachukua chake, na wikiendi ijayo litakohoa tena.

Bomba la petroli likipita alipo dereva, tumia mpira wa kawaida wenye kibano, karibu na goti. Hao wanaosisitiza chuma au mpira uliosukwa waya hawajawahi kuungua, au labda wamewahi. Hewa ya tangi itolee ndani ya buti, bila valvu ya kuzuia petroli gari likipinduka.

Pampu na chujio, hapo wamekuachia uhuru mkubwa. Mgeni hulewa uhuru huo, akachukua tupa na kupanua koo la kabureta "kidogo tu". Mpinzani anaruhusiwa kuweka dhamana na kudai injini yako ifunguliwe. Akikuonea, dhamana inaliwa. Kwa hiyo anayeiweka kwa kawaida ameshasikia injini yako ikipita.

Sasa petroli yenyewe. Watanzania walioshuhudia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 wanaujua uchakachuaji: mafuta ya taa humwagwa ndani ili kupunguza gharama. Mchakachuaji wa mbio ana hulka nyingine, yeye anapoteza fedha. Hununua kemikali ghali zenye oksijeni, nyingine sumu, ili injini ichome zaidi. Mkaguzi huja na kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyoitikia umeme. Petroli safi husoma takribani 2, ethanoli 24 hivi, kwa hiyo hata mchanganyiko mdogo huonekana. Mjanja akagundua kemikali ya dioksani, ambayo nayo husoma karibu na 2. Wakaguzi wakaongeza vitendanishi vinavyobadilika rangi. Ukitaka kujiumbua haraka zaidi, jaza ya kituo chochote cha barabarani bila kuuliza ina ethanoli kiasi gani.

Usijifananishe na Smokey Yunick, fundi wa mbio za NASCAR za Marekani. Kanuni ilitaja ujazo wa tangi, ikasahau bomba. Naye akafunga bomba la inchi 2 lenye urefu wa futi 11. Kanuni ikarekebishwa. Mianya mingi unayoiota leo ilizibwa kwa sababu ya watu wa aina yake.

Mwisho, anza mbio na petroli ya kukufikisha kwenye bendera tu. Gari hupimwa uzito likitoka uwanjani, dereva akiwa ndani, na petroli iliyobaki huhesabiwa. Likipungua kilo mbili chini ya uzito unaotakiwa, usiitafute pampu: kuongeza wakati huo hairuhusiwi. Na yule mwenye chupa ya sampuli bado anasubiri zamu yake.