Anangoja Sauti

Sisi wa Lugarawa hatuhitaji semina ya subira. Mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, humu humu wilayani Ludewa, ulisainiwa mwaka 2011. Tangu hapo tunaambiwa "karibuni", nasi tunaitikia kama litania. Abrahamu aliitwa ana miaka 75, akampata Isaka akiwa na 100. Miaka 25, basi! Hata Liganga bado haijachelewa.

Ila yuko ndugu mmoja wa jumuiya ndogondogo yetu, simtaji, aliyemkabidhi Mungu mipango yake yote, hata ile ya kuchimba mashimo. Mvua zilipoanza wenzake wakapanda paini, mti ambao wenyewe unadai miaka kumi na kitu. Yeye akasema anangoja sauti. Wakaja na miche ya parachichi, akaongeza novena. Leo wenzake wanapasua mbao, naye anatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyomfundisha kungoja.

Juzi kanifuata: "Kaka, niombee."

Nimemwombea, tena kwa magoti. Na jembe nimemwegemezea mlangoni.